Usiri kwenye nyumba ya vyumba sita

Ukipiga hodi kwenye nyumba ya kupanga kule Tandale, Dar es Salaam, vyumba sita na familia sita, kabla hujakalia kigoda ulicholetewa uani, wapangaji wote wameshajua kuwa afisa ustawi amekuja. Hapo ndipo usiri niliofundishwa darasani unaponipa kazi.

Misingi ya kimataifa ya maadili ya kazi yetu ya ustawi wa jamii, iliyopitishwa Dublin mwaka 2018, inatutaka tuheshimu haki ya mtu ya usiri na faragha. Nakubaliana nayo kabisa. Ninachokataa ni kudhani kwamba faragha lazima iwe chumba na mlango uliofungwa.

Nilipoanza kazi nilidhani hivyo. Mama mmoja kijana alikuwa ametelekezwa na mumewe, nami nikamwomba shangazi yake atupishe. Shangazi alinyanyuka kimya, akajifunga khanga yake upya, akatoka. Tangu hapo yule binti alinijibu "ndiyo" na "hapana" tu mpaka nikaaga. Baadaye nikajua shangazi ndiye aliyekuwa akiwalisha wale watoto, na ndiye aliyekuwa akizungumza na wazee wa upande wa mume. Nilimtoa nje mtu pekee aliyeushikilia mji ule, tena mbele ya majirani.

Siku hizi nasalimia kila mtu, nauliza hali za nyumbani, nakunywa chai nikikaribishwa. Nani akae nasi kwenye mazungumzo, simuulizi mteja pale uani. Nani atathubutu kumwambia shangazi yake aondoke? Nasubiri anisindikize. Mgeni kusindikizwa ni ada, hakuna atakayeshangaa, na ule mwendo mfupi hadi kijiwe cha bodaboda umenipa maneno ambayo hakuna chumba kilichowahi kunipa.

Ila pale mtoto anapoumizwa, sisubiri kikao cha ukoo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, sembuse mimi. Misingi ile ya Dublin nayo inasema usiri una mipaka penye hatari ya madhara, na kwamba watu waelezwe mipaka hiyo. Kwa hiyo naitaja mapema, kabla mtu hajanifungulia moyo.

Mzee mmoja aliwahi kuniambia, "Mwanangu, haya ni ya ndani, tutayamaliza wenyewe." Nilimjibu kwa sauti ya chini, nimeinama kidogo: "Babu, nakuheshimu sana. Lakini mtoto huyu leo lazima aende hospitali, na ningependa twende wote."

Akaomba aletewe viatu vyake.