Usanifu wa taarifa si kupamba

Juzi nimeletewa tena faili. "Mwalimu, hebu tupambie kidogo, keshokutwa linaenda kuchapwa." Ndani kulikuwa na kipeperushi cha dawa ya wadudu wa kahawa, cha kugawiwa wakulima wa huku Moshi. Nafundisha usanifu wa taarifa, na hilo "tupambie" limeshanichosha.

Maana yenyewe ni fupi: ni kuchagua, kupanga na kuonyesha taarifa ili mwenye shida nayo aipate, aielewe, aitumie. Basi.

Nadhani kinachowapoteza watu ni masikio. Sanifu na sanaa zinasikika kama ndugu, kwa hiyo msanifu anageuka msanii, na msanii anakabidhiwa rangi. Undugu huo haupo. Zote zimetoka Kiarabu, ila sanaa inatokana na kutengeneza, wakati sanifu ni sannafa: kugawa vitu kwa aina zake, kuvipanga, na kwa njia hiyo kutunga kitabu. Hata Kiswahili sanifu hakikupakwa rangi. Mwaka 1928, Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kati ya lahaja zote, kisha kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ikahangaika na tahajia na kamusi.

Au chukua ramani ya treni za London ya Harry Beck, iliyotoka 1933. Watu husifia rangi zake, na rangi zilikuwapo kabla yake! Beck, aliyezoea kuchora michoro ya umeme, aliachana na umbali halisi, akanyoosha njia, akabakiza anachouliza abiria: kituo gani kinafuata, nabadilishia wapi.

Ndiyo maana watafiti wa fani hii hutumia muda mwingi wakimtazama msomaji anakwamia wapi. Kile kipeperushi nilimpa mama mmoja wa Kibosho. Alisoma kidole kikifuata mistari, akapita historia ya mradi, akapita shukrani, akageuza ukurasa. Kipimo kilikuwa katikati ya aya, kwa mililita. Akanirudishia. "Sasa mwanangu, kwa bomba moja naweka vifuniko vingapi?"

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye faili, rangi utazipata, usijali. Nimeanza kwa kukipandisha kipimo juu kabisa, na shukrani nimezishusha mwisho. Safari ijayo sema "tupangie", halafu unipe wiki mbili, siyo keshokutwa.