Dirisha la chumbani lisilopitisha mtu

Ramani nyingi za nyumba ninazoletewa nizikague zina kasoro ileile, na haipo kwenye msingi wala kwenye paa. Vyumba vitatu vya kulala, milango yote inafungukia korido moja, korido inaishia sebuleni, na jiko limepakana na sebule. Halafu kila dirisha la chumbani limewekewa nondo zilizochomelewa na kujengewa ukutani. Mwenye nyumba anamuwaza mwizi, na ana haki. Lakini itazame ramani hiyo saa nane za usiku, waya wa friji umeshika moto jikoni. Njia pekee ya kutokea inapita pale pale moto ulipo.

Na moshi hutangulia. Moto ukiwa bado jikoni, korido imeshajaa moshi, na mtu aliyetoka usingizini akivuta pumzi chache za moshi mzito anaweza kuanguka kabla hajafika sebuleni. Ndiyo maana kanuni za ujenzi katika nchi nyingi hudai chumba cha kulala kiwe na njia ya pili, na kwa nyumba ya kawaida njia hiyo ni dirisha. Si dirisha lolote, bali dirisha linalopitisha mtu mzima.

Kanuni za kielelezo za nyumba za makazi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinataka uwazi halisi wa mita za mraba 0.53, au 0.46 kwa dirisha la usawa wa ardhi. Upana usipungue sentimita 51, urefu wa kwenda juu usipungue 61, na ukingo wa chini usizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Hapa mafundi wengi hukosea hesabu. Ukichukua 51 kwa 61, vile vipimo vya chini kabisa, unapata mita za mraba 0.31 tu, hujafika. Dirisha lenye upana wa 51 lazima liwe na urefu wa kama 104, na lenye urefu wa 61 lazima liwe na upana wa kama 87. Ukubwa huo una sababu: zaidi ya wewe kutoka, mzimamoto anatakiwa aingie akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Mwongozo wa Uingereza ni mlegevu kidogo, mita za mraba 0.33, kila upande usipungue sentimita 45, ukingo usizidi 110.

Neno la kushika hapo ni uwazi halisi. Haupimwi ukutani wala kwenye fremu, unapimwa pale mwili unapopita dirisha likiwa limefunguliwa. Madirisha yetu ya aluminiamu ya kuslaidi hufunguka nusu tu. Dirisha la futi nne kwa nne, ukitoa fremu, linakuachia karibu sentimita 54 kwa 110, na hilo linafaulu. La futi tatu upana linakuachia chini ya 40, na hapo hata Uingereza wanakukatalia. Ukitumia dirisha la bawaba linalofunguka lote, futi tatu hizohizo zinatosha vizuri. Kwa chumba kidogo mimi huchora la bawaba, mteja akinung'unika kwamba slaidi ndiyo ya kisasa namwonyesha futi kamba.

Sasa nondo. Wamarekani hawajazipiga marufuku, wanazo nyingi. Wanachodai ni kwamba ziwe zinafunguka kutoka ndani bila ufunguo, bila kifaa, bila mtu kuhitaji kufundishwa, na zikifunguka zisipunguze uwazi ule. Mimi naona hilo ndilo la kuiga, kwa sababu kumwambia mtu wa Mbagala au Kayole aishi bila nondo ni kupoteza muda. Kuna wezi wanaovua simu na suruali dirishani kwa fimbo yenye ndoano bila hata kuingia.

Nini hutokea pasipo mlango ndani ya nondo, Kenya wanajua. Shule ya Bombolulu, mwaka 1998, wasichana 26 walikufa kwa moto bwenini, madirisha yakiwa na nondo na milango ikiwa imefungwa. Kyanguli, Machakos, 2001, wavulana 67, habari ni ileile. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 unasema wazi kwamba madirisha ya bweni yasiwe na nondo na yafunguke kirahisi kwa nje. Mtoto huyohuyo akirudi likizo analala nyuma ya nondo zilizochomelewa.

Kwa hiyo mwambie fundi wako wa kuchomelea hivi. Katika grili ya kila chumba cha kulala, akate kilango chenye uwazi wa walau sentimita 60 kwa 100, chenye bawaba nene upande mmoja na komeo upande wa pili, kifungukie nje. Kilango kiwe mbele ya kioo kile kinachofunguka. Nimeshaona kilango kizuri kabisa kimewekwa mbele ya kioo kisichosogea, fundi alitazama urembo akasahau slaidi inakwenda upande gani.

Komeo ndilo gumu. Grili ikiwa nje ya kioo, mwizi anaingiza mkono kati ya nondo na kulivuta. Dawa yake ni sahani ya chuma iliyochomelewa kuzunguka komeo, pana kiasi kwamba mkono ukipitia nondo za jirani, kiwiko kinakwama kabla vidole havijafika. Kufuli silipendi. Gizani, kwenye moshi, ufunguo haupatikani hata kama jana ulikuwa kwenye msumari wake. Lakini kama leo una kufuli tu na huna fedha za kubadili, basi hiyo ni afadhali kuliko nondo za kudumu, mradi ufunguo uning'inie pembeni ya dirisha hilohilo na asiuguse mtu.

Angalia pia dirisha linakutoa wapi. Kuna vyumba ambavyo dirisha lake linatokea barazani, na baraza nayo ina grili na kufuli kubwa. Hapo umetoka kizimba kimoja ukaingia kingine. Wengine hufunga mashine ya nje ya kiyoyozi katikati ya dirisha, au kabati la nguo ndani.

Kwa ndugu walioko Marekani na Kanada wanaopangishwa chumba cha chini ya ardhi kwa bei nafuu: kabla hujalipa, tazama dirisha. Kwa kanuni hizo za Marekani, likiwa chini ya usawa wa ardhi linahitaji shimo la nje lenye walau mita za mraba 0.84, na shimo likizidi kina cha sentimita 112 liwe na ngazi ya kudumu. Kidirisha cha kupitisha paka hakikifanyi kile kuwa chumba cha kulala, hata kikiwa na kitanda.

Ukingo wa sentimita 110 unamfika mtu mzima kwenye tumbo, bibi mwenye magoti mabovu hauwezi. Kwenye chumba chake shusha ukingo kozi moja ya tofali, au weka sanduku imara chini ya dirisha. Pwani chumvi ya hewa hula bawaba haraka, na fundi rangi akipita mara mbili komeo linagandia, hivyo tia grisi, na kila baada ya miezi michache mwambie kila anayelala humo, dada wa kazi pia, afungue mwenyewe taa zikiwa zimezimwa.