Babu hajarogwa: dhana potofu kuhusu waliopigana Vita vya Kagera

"Vita viliishia Kampala." Vijana wengi wa Mwanza wanaamini hivyo kuhusu vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin (1978–79), ndiyo maana babu akitaja Gulu au Arua, miji ya kaskazini mwa Uganda, wanakonyezana. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, lakini mapigano yaliendelea kuelekea Jinja, Soroti na West Nile hadi tarehe 3 Juni, na baadhi ya askari wetu walibaki Uganda hadi 1981. Kombania nyingine hazikuiona Kampala kabisa. Mpiganaji huona kipande chake cha vita tu, kwa hiyo akikosea tarehe hajadanganya.

"Alikuwa mgambo tu" nayo ni kauli ya ovyo. Mgambo walipelekwa mstari wa mbele kwa makumi ya maelfu, na kombora halikuuliza nani kaajiriwa. Wala Mwanza haikubaki salama: Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ililenga matangi ya mafuta ya mji huu, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, na kuua swala.

"Mzee anasikia anachotaka." Hili ndilo linaloleta ugomvi mwingi nyumbani. Mlipuko unaozidi desibeli 140 unaweza kuua papo hapo vinyweleo vya sikio la ndani, na vikishakufa havioti tena. Kinachopotea kwanza ni sauti nyembamba: s, f, sh, t. Vokali anazipata vizuri. Basi mwambie sato ni elfu sita, yeye asikie elfu tisa. Maneno hayo yana vokali zilezile, yanatofautiana kwa mpangilio wa s na t. Kupiga kelele hakusaidii, kwa sababu unaikuza vokali inayozidi kuifunika konsonanti. Sogea hadi mita moja, mwanga ukuangukie usoni, zima redio, sema polepole. Asiposhika mara mbili, badili neno. Namba zionyeshe kwa vidole.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70, hivyo umri nao umeongeza lake. Kabla ya kulaumu mabomu, kliniki ya masikio imwangalie kama ana nta. Njiti za pamba huisukuma ndani zaidi. Mvumo masikioni huzidi usiku nyumba ikitulia. Feni au redio ya chini humsaidia kulala kuliko kimya kitupu.

Usiku wenyewe ndio penye uvumi mkubwa: eti ana mapepo, eti amerogwa. Ziwa letu lina tabia ya kuleta radi usiku wa manane na alfajiri, na radi ya karibu haina tofauti kubwa na mzinga kwa mtu aliyelala. Anaruka, anatokwa jasho, pengine anaingia chini ya kitanda. Hicho ni kiwewe, na kina tiba hospitalini, ya mazungumzo na ya dawa. Kinaweza kutulia miaka mingi kisha kikaamka mtu akistaafu, maana kazi iliyokuwa ikiishughulisha akili haipo tena.

Msimtikise. Atarusha ngumi kabla hajajua ni nani. Simama miguuni pa kitanda, washa taa, ita jina lake na umtajie mahali: "Baba, upo nyumbani Igoma, ni radi, mvua inanyesha." Akiwa macho, hesabuni pamoja tangu umeme umulike, kila sekunde 3 ni kilomita moja hivi. Kishindo kinachotarajiwa hakimshtui kama cha ghafla. Kwa sababu hiyo hiyo, jirani anayepasua mwamba kwa baruti aombwe kutaja saa mapema.

Konyagi "inayomlaza" humlaza nusu ya kwanza ya usiku tu. Nusu ya pili usingizi unakatika na ndoto zinarudi kwa nguvu. Lakini aliyekunywa kila siku kwa miaka asikatishwe ghafla nyumbani, maana anaweza kupata degedege. Apunguziwe chini ya daktari.

Kipande cha bomu kilichobaki mwilini si lazima kitolewe. Mara nyingi upasuaji wa kukitafuta ungekata mishipa zaidi ya kilivyokata chenyewe. Angalieni uvimbe, usaha au ganzi mpya. Na akiandikiwa kipimo cha MRI, aseme mapema: mashine hiyo ni sumaku kubwa, huweza kukisogeza chuma. Eksirei itangulie, ionyeshe kilipo.

Mwisho ni ushauri wa "usimkumbushe vita". Kunyamaza si kusahau, na wengi hupumua wakikaa na wenzao waliolala nao handaki moja. Wewe ambaye hukuwepo usiulize aliua wangapi. Uliza walikula nini, nani alipika, walivukaje mto Kagera baada ya daraja la Kyaka kuvunjwa. Dakika 40 zinatosha. Mkono ukianza kutetemeka au pumzi ikibadilika, mwombe akusaidie kazi ya mkono, hata kufunga kamba ya mbuzi, simulizi ingoje kesho. Na kiti chake akikigeuza kitazame mlango, kiacheni hapo hapo.