Lavrio, timu ya mji wa machimbo: dhana potofu na ukweli wake

Wapenzi wa mpira wa kikapu wa Ulaya wakiitaja Lavrio, utasikia moja kati ya maelezo mawili. Wa kwanza atakwambia ule ulikuwa muujiza: timu ya kijijini kuingia fainali ya ligi kuu ya Ugiriki mwaka 2021. Wa pili atakwambia ni bahati ya mtende tu, kwa sababu mwaka huo Olympiacos, moja ya klabu mbili kubwa za nchi hiyo, hawakuwemo kwenye ligi. Wote wawili wameshika kipande cha ukweli, lakini hakuna anayeeleza timu hiyo ilifikaje pale. Kuna na dhana nyingine ndogo ndogo zinazoizunguka klabu hii, na tuanze na hizo.

"Lavrio ni kitongoji cha Athens"

Si kweli. Kwenye ramani ya utawala mji uko ndani ya mkoa wa Attica, ule ule wa Athens, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Lakini kutoka Athens hadi Lavrio ni kama kilomita 60 kuelekea kusini-mashariki, hadi ncha ya nchi kavu, karibu na rasi ya Sounion lilipo hekalu la Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale. Ni mji wa bandari wenye wakazi wasiofika 15,000, na meli zake huenda visiwa vya Kea na Kythnos. Reli ya kutoka Athens ilifika huko mwaka 1885 kwa ajili ya madini, ikafungwa mwaka 1957. Kijiji si sahihi, kitongoji si sahihi. Ni mji mdogo unaojitegemea, na tofauti hiyo ina uzito kwenye michezo: timu ya kitongoji cha Athens huweza kuokota wachezaji na watazamaji kutoka jiji zima, wakati ya Lavrio inabidi iwatoe mjini kwao au iwalete kutoka mbali.

"Mji wa machimbo ya fedha hauwezi kukosa hela"

Dhana hii ina mizizi mirefu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu historia yake inavutia hata kwa asiyejua kudunda mpira.

Ni kweli kwamba utajiri wa Athens ya kale ulitoka chini ya ardhi ya Lavrio. Mwaka 483 kabla ya Kristo ulipatikana mkanda mnono wa madini, na mjadala ukawa je, wananchi wagawane mapato au vipi. Themistokles, kiongozi wa Athens, akawashawishi wajenge meli za kivita. Miaka mitatu baadaye meli hizo ndizo zilizowapiga Waajemi katika mlango wa bahari wa Salamis. Sarafu maarufu za Athens zenye picha ya bundi zilitengenezwa kwa fedha hiyo hiyo. Waliochimba walikuwa watumwa kwa maelfu, katika mashimo ambayo mtu mzima alipita kwa kutambaa, na hao hawakuona hata sarafu moja.

Karne ya 19 hadithi ikarudi kwa sura nyingine. Mwitaliano Giovanni Battista Serpieri alikuja miaka ya 1860 akaona kwamba masalio waliyoyatupa watu wa kale bado yana risasi na fedha ya kutosha kuyeyushwa upya. Ukazuka ugomvi wa nani mwenye mali, mtaji wa kigeni au dola ya Ugiriki. Ukamalizika mwaka 1873 pale tajiri wa benki Andreas Syngros aliponunua kampuni na kuuza hisa kwa wananchi. Bei ikapaa kwa uvumi wa dhahabu, kisha ikaporomoka, na watu wengi wa Athens wakapoteza akiba zao. Baadaye kampuni ya Wafaransa ikaendesha machimbo kwa miongo mingi. Mwaka 1896 wachimbaji waligoma na damu ikamwagika.

Miaka ya 1970 na 1980 shughuli hizo zikafifia hadi zikafa. Majengo ya kiwanda cha Wafaransa leo ni hifadhi ya teknolojia na utamaduni chini ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Athens. Klabu ya mpira wa kikapu ilianzishwa mwaka 1990, wakati mji ulikuwa umeshapoteza mwajiri wake mkubwa. Kwa hiyo anayedhani timu ilizaliwa kwenye neema ya machimbo amekosea wakati. Ilizaliwa katika mji uliojaa ukosefu wa ajira.

"Ugiriki ilianza kupenda kikapu kwa sababu ya Giannis"

Hili nalipita haraka. Giannis Antetokounmpo, nyota wa NBA, ligi ya Marekani, alizaliwa Athens, wazazi wake Wanigeria, akacheza daraja la pili na klabu ya Filathlitikos ya Zografou, na mwaka 2013 timu ya Milwaukee ikamchagua wa 15 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Lakini Wagiriki walikuwa wameshaanza mchezo huu mapema karne ya 20, na bingwa wa kwanza wa taifa alipatikana mwaka 1928. Mwaka 1968 AEK, klabu ya Athens, walitwaa kombe la Ulaya la washindi wa vikombe mbele ya umati unaokadiriwa kufika watu 80,000 katika uwanja wa marumaru wa Athens.

Kilichowasha moto nchi nzima ni tarehe 14 Juni 1987. Ugiriki iliifunga Umoja wa Kisovyeti 103 kwa 101 baada ya muda wa nyongeza, Nikos Galis akitia pointi 40, na taifa likawa bingwa wa Ulaya. Usiku ule watu walikesha barabarani kwa furaha. Baada ya hapo nguzo za kikapu zikasimikwa kwenye viwanja vya shule na mitaa kila kona, na watoto wa miji midogo wakaanza kumuiga Galis. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1990 ni zao la wimbi hilo, miaka mitatu tu baadaye.

"Aegean Cargo, DHI, Megabolt: ni timu tatu tofauti"

Mtu akitafuta matokeo ya zamani anachanganyikiwa. Kuna Lavrio Aegean Cargo, kuna Lavrio DHI, kuna Lavrio Megabolt. Wengine huamini timu iliuzwa mara tatu. Klabu ni ile ile, kinachobadilika ni mdhamini, na mdhamini akilipa jina lake hubandikwa nyuma ya jina la mji. Hata wakubwa hufanya hivyo: Panathinaikos wamewahi kuitwa Panathinaikos Superfoods, kisha OPAP, kisha AKTOR. Promitheas ya Patras ikawa Promitheas Vikos Cola, kama kwamba Prometheo wa hadithi za kale aliiba soda badala ya moto.

Ugiriki ilipoamua kuendesha ligi kuu kiweledi mwaka 1992, kila timu ya daraja hilo ililazimika kuwa na kampuni ya hisa inayosimamia kikosi cha wachezaji wa kulipwa. Klabu mama ya ridhaa, yenye watoto na vijana, hubaki pembeni. Kampuni hiyo inahitaji fedha kila msimu. Ukumbi wa Lavrio haukalishi hata watu 2,000, na hesabu ya tiketi katika ukumbi wa namna hiyo haiwezi kulipa mishahara ya kikosi kizima. Hivyo jina la mdhamini kwenye jezi si pambo. Likiondoka bila lingine kuja, msimu ujao uko mashakani.

Majina yenyewe ya klabu za miji midogo yana utamu wake, na hapa naomba nitoke njiani kidogo. Amaliada, mji wa Elis karibu na Olympia, ulikuwa na timu ya Koroivos kwenye ligi kuu kwa misimu minne kuanzia 2014. Koroivos mwenyewe ndiye mpishi wa Elis anayetajwa kuwa bingwa wa kwanza wa Olimpiki, aliyeshinda mbio mwaka 776 kabla ya Kristo. Kisiwa cha Lemnos kilileta timu ya Ifaistos, jina la mungu wa wahunzi ambaye hadithi inasema alitupwa kutoka mbinguni akaangukia hapo. Na Messolonghi, mji ambako mshairi Byron alifariki mwaka 1824, ulipanda ligi kuu na timu iitwayo Charilaos Trikoupis, jina la waziri mkuu ambaye chini yake Ugiriki ilifilisika mwaka 1893. Kwa klabu inayohangaika na bajeti, hilo ni jina la kishujaa au la mkosi, chagua mwenyewe.

"Fainali ya 2021 ilikuwa zawadi, Olympiacos hawakuwepo"

Hapa ndipo ubishi wenyewe ulipo.

Kwanza tuweke wazi kilichotokea. Panathinaikos na Olympiacos ni Simba na Yanga wa huko, chuki na kila kitu. Februari 2019, katika nusu fainali ya kombe la taifa, Olympiacos walikwenda mapumziko wakicheza na Panathinaikos na hawakurudi uwanjani kipindi cha pili, wakilalamikia waamuzi. Wakaendelea kugoma kucheza na Panathinaikos kwenye ligi, na adhabu yake ikawa kushushwa daraja. Kwa misimu miwili kikosi chao kikubwa kilicheza EuroLeague tu, yaani ligi ya klabu kubwa za Ulaya, huku daraja la pili wakipeleka kikosi cha pili. Walirejea ligi kuu msimu wa 2021–22.

Kwa hiyo ndiyo, nafasi moja ya fainali ilikuwa wazi. Ligi hii haijawahi kuwa rafiki wa wadogo: kuanzia msimu wa kwanza wa kiweledi, 1992–93, hadi 2025, ubingwa umeshikwa na klabu tatu tu, Panathinaikos, Olympiacos na AEK, na AEK wenyewe ni mara moja, mwaka 2002. Anayesema kwamba Olympiacos wangekuwepo Lavrio wangepata shida kubwa kufika fainali, sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu uko hapa. Mlango uliachwa wazi kwa kila mtu. Msimu wa 2020–21 ligi ilikuwa na timu 12. Ndani yake walikuwemo AEK, waliokuwa mabingwa wa Champions League ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mwaka 2018. Walikuwemo Promitheas wa Patras, jiji la tatu kwa ukubwa nchini, ambao mwaka 2019 walikuwa tayari wamecheza fainali kwa kupitia mlango huo huo. Walikuwemo Aris na PAOK kutoka Thessaloniki, klabu zenye vikombe na maelfu ya mashabiki. Walikuwemo Peristeri. Wote hao walijua Olympiacos hawapo. Aliyeingia ni mji wenye watu wachache kuliko wote hao, chini ya kocha Christos Serelis. Zawadi iliyowekwa mezani mbele ya timu kumi na moja, kisha ikachukuliwa na mmoja, mimi siiti zawadi.

Na wanaosema muujiza nao wanasahau kalenda. Lavrio walipanda ligi kuu mwaka 2015. Fainali ilikuwa msimu wao wa sita mfululizo huko. Koroivos walipanda mwaka mmoja kabla yao wakadumu misimu minne. Kudumu ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, maana kila kiangazi timu ndogo inanyang'anywa wachezaji wake bora na wenye fedha, inaanza upya, na bado inatakiwa isishuke. Lavrio walipitia hivyo mara tano kabla ya mwaka huo. Tena sehemu kubwa ya msimu ilichezwa kumbi zikiwa tupu kwa sababu ya Korona, kwa hiyo hata ile hoja ya kelele za ukumbi mdogo kuwatisha wageni haisimami.

Fainali walishindwa. Panathinaikos wakachukua ubingwa wao wa 39.

"Ni vijana wa mji wanaopigania kwao"

Picha nzuri, lakini ya kadi ya posta. Timu yoyote ya ligi kuu ya Ugiriki, iwe ya mji mkubwa au mdogo, kwa kawaida huwa na wageni karibu nusu ya kikosi, wengi wao Wamarekani waliomaliza vyuo vikuu na kukosa nafasi NBA. Hukaa msimu mmoja, wakifanya vizuri wanapata mkataba mnono Uturuki au Hispania. Vijana wa mji wako kwenye klabu mama na wanafika juu mmoja mmoja. Mashabiki wa Lavrio hawalioni hilo kama usaliti. Mchezaji akivaa jezi na kujituma, ni wao.

"Timu ndogo ikishuka daraja imekufa"

Kushuka peke yake hakuui. Kinachoua ni deni. Tangu 2007 kuna baraza la usuluhishi la mpira wa kikapu huko Geneva, ambako mchezaji au wakala asiyelipwa hupeleka madai yake. Klabu ikishindwa kesi na isilipe, inafungiwa kusajili. Timu yenye ukumbi mdogo na mdhamini mmoja, ikifungiwa namna hiyo Agosti, haina kikosi Oktoba. Ndiyo maana Ugiriki husikia mara kwa mara klabu imejitoa ligi kuu au imeuza nafasi yake kabla msimu haujaanza.

Lakini kampuni inaweza kufa na klabu mama ikabaki, ikaanza tena madaraja ya chini. AEK, pamoja na ukubwa wao, walishuka mwaka 2011, na mwaka uliofuata wakawa daraja la tatu, wakicheza na timu za mitaa. Mwaka 2014 walikuwa wamerudi juu, na Mei 2018 wakawafunga Monaco 100 kwa 94 mjini Athens na kutwaa lile kombe la FIBA nililolitaja. Lavrio hawana mashabiki wengi kiasi hicho wa kuwabeba wakianguka, ila njia ya kurudi imeandikwa kwenye kanuni zile zile, na wao wameshaipanda mara moja, kwa miaka 25, kutoka 1990 hadi 2015.