Je, wajua kwa nini Uturuki inagombania vigae vya ukutani?

Kando ya msikiti wa Hagia Sophia, Istanbul, kuna kaburi la Sultani Selim II wa dola ya Osmani, yaani Uturuki ya zamani, lililokamilika mwaka 1577. Mlangoni mna mapambo mawili ya vigae, kulia na kushoto, ambayo ukiyatazama haraka utadhani ni mapacha. La kushoto ni nakala iliyotengenezwa Ufaransa. Mwishoni mwa karne ya 19, Mfaransa Albert Dorigny aliyepewa kazi ya ukarabati aliondoka na vigae halisi, na leo vimo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Uturuki inavidai mpaka sasa.

Nchi nzima kudai vigae? Ndiyo, na ina sababu.

Chimbuko la vigae hivyo ni mji wa Iznik. Mafundi wake walisaga mawe meupe ya kwatzi, wakaunda vigae, wakapaka tabaka jeupe juu yake, wakachora, wakafunika mchoro kwa ganda linalong'aa kama kioo, kisha wakachoma tanurini. Mwanzoni walifuata kaure ya China yenye buluu na nyeupe, kaure ambayo mabaharia waliileta pia pwani yetu hadi ikapachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi. Baadaye wakapata sauti yao wenyewe: tulipu, waridi, majani marefu yaliyopinda na, kuanzia miaka ya 1550, ule wekundu ulioinuka kidogo ambao hata kidole huuhisi. Mimi sijui rangi ya ukutani iliyo nzuri kuliko huo.

Masultani walielewa mapema kwamba uzuri huu unaweza kusema kwa niaba yao. Selim I aliitwaa Jerusalem mwaka 1516; mwanawe, Suleiman, akaivisha Kuba ya Mwamba, jengo takatifu la Waislamu mjini humo, vigae kwa nje. Hujaji hakuhitaji kusomewa tangazo ili ajue ni nani sasa anayepatunza mahali pale. Ukuta ulimwambia.

Serikali ya leo inafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2016, katika kikao cha UNESCO mjini Addis Ababa, utengenezaji wa vigae hivi, uitwao çini, uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwaka uliofuata Kütahya, mji uliouendeleza ufundi huu baada ya Iznik kufifia, ulitambuliwa na UNESCO kuwa mji wa sanaa za mikono.

Lakini Kütahya ilikuwa pia na mafundi Waarmenia, na naamini ujumbe wa vigae ungekuwa na uzito zaidi kama wangetajwa kila unapotolewa. David Ohannessian, bingwa wao, alihamishwa kwa nguvu wakati wa mauaji ya Waarmenia. Alinusurika, akafika Jerusalem, na Waingereza, waliokuwa wakiutawala mji huo wakati ule, wakamwita kutengeneza vigae vya Kuba ya Mwamba. Mafundi wawili wa Kütahya aliofanya nao kazi, Balian na Karakashian, walifungua karakana yao mwaka 1922. Wajukuu wao bado wanachora vigae mjini Jerusalem.