Kabla ya Kulipia Safari ya Kuzamia: Jinsi ya Kuipima Kampuni Ukiwa Bado Dodoma

Kila inapokaribia likizo ya Juni au ya Desemba, watumishi na familia za hapa Dodoma wanaopanga kwenda Unguja, Pemba au Mafia huniuliza ni kampuni ipi ya kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa iliyo nzuri. Mimi ni mwalimu wa uzamiaji niliyefundisha pwani kabla ya kuhamia bara, na kwa kawaida sitaji jina la kampuni yoyote. Walimu wengi wa kazi hii huajiriwa kwa msimu, na vituo vingine hufunga wakati wa masika kisha hufungua tena vikiwa na watu wapya, kwa hiyo sifa iliyojengwa na mwalimu fulani misimu miwili iliyopita huenda imekwisha kuondoka naye. Ninachoweza kutoa ni namna ya kuipima kampuni mwenyewe, kabla hujatuma hata shilingi moja.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni maswali ambayo kampuni inakuuliza wewe. Andika ujumbe mfupi tu: "Habari za asubuhi. Tuko wawili, tungependa kuzamia Mnemba wiki ya mwisho ya Juni. Bei ni kiasi gani?" Kisha usiongeze neno. Kampuni inayorudisha bei na namba ya kulipia, bila jambo lingine, imekwisha kujieleza. Iliyo makini itakupa bei, lakini papo hapo itataka kujua kama mmewahi kuzamia, cheti chenu ni cha ngazi gani, mara ya mwisho mliingia majini lini, kama kati yenu kuna mwenye pumu, maradhi ya moyo, kifafa au ujauzito, na mtaondoka kisiwani siku gani, saa ngapi, mkielekea wapi.

Swali hilo la mwisho linawahusu watu wa Dodoma kwa namna ya pekee, nami naomba msomaji alisome kwa utulivu. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni, na kadiri mgandamizo unavyoongezeka ndivyo naitrojeni iliyomo katika hewa tunayovuta inavyoyeyuka kwa wingi zaidi katika damu na misuli. Mzamiaji anapopanda juu, naitrojeni hiyo hutoka polepole kupitia mapafu, na huendelea kutoka kwa saa nyingi baada ya yeye kuvua vifaa na kukaa kula chakula cha mchana. Akienda mahali penye mgandamizo mdogo wa hewa kabla kazi hiyo haijakamilika, naitrojeni inaweza kugeuka mapovu mwilini, na matokeo yake huanzia maumivu ya viungo na ganzi hadi kupooza.

Wengi wamesikia kwamba haifai kupanda ndege mara baada ya kuzamia, lakini wachache hukumbuka kwamba mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Miongozo ambayo wataalamu wa tiba ya uzamiaji waliafikiana mwaka 2002 inahusu mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400, na Dodoma imo ndani yake. Mtu aliyezamia Jumamosi asubuhi, akavuka kwa boti mchana hadi Dar es Salaam na kupanda treni ya SGR jioni, amekwenda mwinukoni mapema kupita kiasi ingawa hakukanyaga ndege. Miongozo hiyo inataka angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 kwa aliyezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Mimi huwashauri watu wa huku waiache siku nzima ya mwisho kuwa ya kutembea Mji Mkongwe. Kwa hiyo mwambie mwenye kampuni kwamba unarudi Dodoma, kisha usikilize. Anayeanza kuhesabu saa pamoja nawe anaijua kazi yake. Anayesema "hakuna shida, kaka, treni si ndege" asipewe pesa yako.

Jambo la pili ni fomu ya afya. Kampuni nzuri hukutumia fomu hiyo ukiwa nyumbani, kwa sababu jibu moja la "ndiyo" linaweza kukulazimu umwone daktari, na ni afadhali umwone hapa kwa utulivu kuliko kuhangaika naye ufukweni boti ikikusubiri. Nimewahi kumwona mfanyakazi wa kituo kimoja akimwekea mgeni kidole kwenye karatasi, akimwonyesha aandike "hapana" kuanzia juu hadi chini ili boti isichelewe. Kwa maoni yangu, kituo cha namna hiyo hakina sifa nyingine ya kuzungumzia.

Maoni ya wageni mtandaoni yana faida yake, ila yasome kinyume na ulivyozoea. Nyota tano zinazosifu kasa, chakula na ucheshi wa mabaharia hazikuambii lolote kuhusu usalama. Tafuta malalamiko. Mgeni aliyekasirika kwa sababu safari ilivunjwa siku ya upepo mkali wa kusi, au kwa sababu alikatazwa kushuka mita 30 akiwa na cheti cha mita 18, ameisifia kampuni hiyo pasipo kujua. Malalamiko ya kuchukuliwa kwa uzito ni ya aina nyingine: mwalimu mmoja aliyepewa kundi kubwa (kwa wanaoanza, mimi sikubali zaidi ya wanne), mgeni aliyeachwa nyuma chini ya maji, hewa yenye harufu ya mafuta, au boti iliyokuwa mbali wazamiaji walipoibuka.

Cheti cha mwalimu ni rahisi kukihakiki: omba jina lake na namba yake, kisha uliulize shirika lililompa, liwe PADI, SSI au jingine. Uliza pia leseni ya biashara ya utalii.

Vifaa utaviona ukifika. Begani mwa kila mtungi hupigwa mhuri wa tarehe ya kupimwa, na katika nchi nyingi kipimo hicho hurudiwa kila baada ya miaka 5. Angalia bomba linalovuta hewa la kompresa, yaani mashine ya kujaza mitungi, limeelekea wapi, kwa kuwa likiwa karibu na moshi wa injini huweza kuingiza kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, ndani ya mitungi. Zaidi ya yote, omba kuonyeshwa oksijeni ya huduma ya kwanza iliyomo ndani ya boti yenyewe, na umwombe nahodha aifungue mbele yako ili uone geji, yaani kipimo cha mgandamizo, ikipanda.

Ndiyo maana malipo yagawe. Tuma kiasi cha kushikia nafasi, baada ya kuandikiwa kwamba kitarudishwa iwapo bahari itachafuka au daktari atakukatalia, na kilichobaki ulipe ufukweni, ukishaiona hiyo geji.