Lenzi Kuingia kwenye Kamera si Kukubaliana Nayo

Kijana mmoja anayepiga picha za harusi na sendofu maeneo ya Sinza aliniletea lenzi aliyoinunua mtandaoni kwa mtu asiyemfahamu, akiwa na hakika kwamba kuna fundi aliyeifungua na kuiharibu, kwa sababu kila akipiga picha pana alikuta weusi kwenye pembe zote nne, kama mtu anayechungulia ukumbi kupitia bomba. Lenzi yenyewe ilikuwa Sigma 18-35mm f/1.8, vioo vyake safi, mota yake nzima; kamera ilikuwa Canon 6D, nayo haikuwa na ugonjwa wowote. Kila kimoja kilikuwa kizima, ila havikupaswa kuozeshwa. Nimeandika haya kwa sababu maswali ya namna hiyo yanafika kwenye meza yangu ya ufundi mara nyingi kuliko lenzi zilizovunjika kweli, na karibu yote yangeweza kumalizwa kabla fedha haijatoka mfukoni.

Lenzi hutupa mwanga nyuma yake kwa umbo la duara, na sensa (si ile ya kuhesabu watu, bali kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuunda picha) lazima ienee yote ndani ya duara hilo. Sensa ya kamera ya fremu kamili, kama hiyo 6D, ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, kwa hiyo ukipima kutoka pembe hadi pembe unapata takriban milimita 43. Sensa ndogo, ile ambayo watengenezaji huiita APS-C, hupimwa kiasi cha milimita 27 au 28 tu kwa mshazari. Mtengenezaji akijua kwamba lenzi yake ni ya sensa ndogo, hana sababu ya kutengeneza duara kubwa, na ndiyo maana lenzi hizo huwa nyepesi na za bei nafuu zaidi, au, kama hiyo 18-35, huweza kufungua tundu lake la mwanga hadi f/1.8, yaani wazi sana, katika lenzi ya kuvuta (zoom), jambo ambalo kwa fremu kamili lingehitaji mzigo wa vioo.

Canon wenyewe waliliona tatizo hili mapema. Lenzi zao za sensa ndogo, EF-S, zimetengenezwa kwa namna ambayo hazifungi kwenye kamera ya fremu kamili yenye mdomo wa EF (mdomo ni pale lenzi inapofungwa kwenye kamera), hata ukilazimisha, na mimi sikushauri ulazimishe. Sigma na wenzake hawakuweka kizuizi hicho: lenzi yao ya sensa ndogo ina mdomo uleule wa EF, inaingia, inabana, inaita «klik», inafokasi yenyewe, na mnunuzi anaondoka dukani akiwa na furaha. Mlio ule wa kufunga umewadanganya wengi.

Kinachosema ukweli ni herufi zilizochapwa kwenye mwili wa lenzi, na hapa naomba msomaji awe na subira kwa sababu kila kampuni ina alfabeti yake. Kwa Sigma, DG ni fremu kamili na DC ni sensa ndogo. DN maana yake ni kwamba lenzi ilibuniwa kwa ajili ya kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless). Haisemi lolote kuhusu ukubwa wa duara, hivyo DG DN ni ya fremu kamili na DC DN si ya fremu kamili, na zipo za zamani kidogo, kama 30mm f/2.8, zilizoandikwa DN peke yake ambazo nazo ni za sensa ndogo. Kwa Tamron, Di ni fremu kamili kwa kamera zenye kioo, Di II ni sensa ndogo kwa kamera hizohizo, Di III ni kwa kamera zisizo na kioo, na Di III-A ni sensa ndogo kwa kamera zisizo na kioo. Wauzaji wengi husoma namba hizo kama matoleo, wakakuambia kwamba III ni mpya na bora kuliko Di. Si kweli, ni aina ya kamera tu. Tena hata Di III ina mtego wake, maana Tamron 18-200mm ya Sony iliyotangazwa mwaka 2011 imeandikwa Di III bila ile A, na bado ni ya sensa ndogo. Tokina waliandika FX kwa fremu kamili na DX kwa sensa ndogo, kama Nikon. Kampuni za Kichina zinazojaa Kariakoo siku hizi hazina utaratibu mmoja, kwa hiyo usikisie: chukua jina kamili la lenzi, pamoja na namba ya modeli, ukalisome kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe.

Kwenye kamera zisizo na kioo kosa hili hujificha vizuri zaidi, kwa sababu kamera nyingi zikitambua lenzi ya sensa ndogo hukata picha zenyewe bila kukuuliza. Hutaona weusi wowote. Utaona tu kwamba uwanja umebana na faili limepungua. Kwenye Sony a7 III yenye megapikseli 24 unabaki na kama 10, na kwenye Canon R6 yenye megapikseli 20 unabaki na karibu 8, kwa kuwa Canon hukata zaidi kidogo. Mtu aliyelipia fremu kamili ili apate upana na utulivu wa picha usiku, kisha akaitumia nusu, amenunua bati la futi kumi akaezekea futi nne.

Watumiaji wa Canon RF wanapaswa kuwa waangalifu kuliko wote. Mdomo huo, wa kamera za Canon zisizo na kioo, ulitoka mwaka 2018, na kwa miaka kadhaa Canon hawakuruhusu kampuni nyingine kutengeneza lenzi zake zenye otofokasi. Viltrox, waliojaribu, walilazimika kuacha kuziuza mwaka 2022. Mwaka 2024 ruhusa ilitolewa kwa Sigma na Tamron, watu wakashangilia, lakini lenzi zilizotangazwa wakati huo, kwa mfano Sigma 18-50mm f/2.8 na Tamron 11-20mm f/2.8, zote zilikuwa za sensa ndogo. Ukiiona «Sigma ya RF» kwenye tangazo la Instagram, usiishie kwenye RF. Nikon Z, mdomo wa kamera za Nikon zisizo na kioo, nako kuna mchanganyiko: Tamron walianza mwaka 2022 na 70-300mm ya fremu kamili, ilhali Sigma za kwanza kwa mdomo huo, 16mm, 30mm na 56mm za f/1.4, ni za sensa ndogo. Sony ndiko kwenye nafuu kubwa, kwa kuwa walifungua vipimo vya msingi vya mdomo wao wa E mwaka 2011, na wengine wamepata muda mrefu wa kujifunza lugha yake.

Nimesema lugha kwa makusudi. Lenzi ya leo inazungumza na kamera kupitia vile vipini vya dhahabu vilivyo nyuma yake, na kampuni isiyopewa kibali hulazimika kuyasikiliza mazungumzo hayo na kuyaiga. Kuiga kunatosha hadi kamera mpya itoke na maneno mapya. Mwaka 2013 Nikon D5300 ilipotoka, Sigma walilazimika kutangaza kwamba baadhi ya lenzi zao hazifanyi kazi sawasawa juu yake hadi programu ya ndani ya lenzi isasishwe. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji halipaswi kuwa tu «inaingia kwenye Nikon?», bali inaingia kwenye modeli gani, na programu ya ndani ni toleo gani. Uliza pia inasasishwaje: lenzi za Sony E na nyingi za sasa husasishwa kupitia kamera, Tamron mpya kadhaa zina tundu la USB-C ubavuni, lakini lenzi za enzi za kamera zenye kioo zilihitaji kifaa cha pekee, USB Dock kwa Sigma na TAP-in kwa Tamron, na kukipata Dar es Salaam si jambo la siku moja.

Hata mahali penye kibali, usawa si kamili. Kwenye Sony a1, inayofika picha 30 kwa sekunde, lenzi za kampuni nyingine huishia 15. Kwa anayepiga mechi Uwanja wa Benjamin Mkapa hilo ni jambo la kufikiriwa. Kwa mpiga harusi halina uzito, na binafsi nisingelilipia.

Adapta, zile pete za kuunganisha lenzi ya mdomo mmoja na kamera ya mdomo mwingine, nazo zina kanuni moja rahisi. Mdomo wa Canon EF umbali wake hadi kwenye sensa ni milimita 44, wa RF ni 20. Zile 24 zinazobaki ndizo adapta inakaa. Kinyume chake hakiwezekani, yaani lenzi ya RF haitatumika kwenye 6D kwa adapta yoyote. Wenye Nikon wajue kwamba adapta ya FTZ, ile ya kuweka lenzi za kamera zenye kioo kwenye kamera za Z, haina mota, hivyo lenzi za zamani zilizotegemea mota ya kamera, za Nikon na za wengine, zitafokasi kwa mkono tu. Lenzi za mkono kabisa, zisizo na vipini, zina adabu zake mbili: kamera nyingi zitakataa kupiga mpaka uruhusu kwenye menyu zipige bila lenzi, na kituliza mtikisiko kilicho ndani ya kamera kitahitaji umwingizie mwenyewe urefu wa lenzi.

Ukienda kununua, nenda na kamera yako, betri imejaa. Kamera ya muuzaji inathibitisha tu kwamba lenzi inakubaliana na kamera ya muuzaji. Piga ukuta mweupe kwenye upana wote na tundu likiwa wazi kabisa, kisha angalia pembe na ukubwa wa faili. Toka nje, fuata bajaji zinazopita kwa fokasi endelevu, angalau picha hamsini. Fungua taarifa za picha uone kama kamera imeandika jina sahihi la lenzi. Kwenye Canon, «Err 01» ni dalili kwamba mazungumzo yamekatika. Wakati mwingine ni vipini vichafu tu, na kwa hewa yetu ya bahari nimevikuta vimeota kutu kwa lenzi iliyokaa kabatini Upanga. Mulika tochi ya simu ndani, utafute nyuzi za fangasi. Na ukiona miviringo ya ajabu kwenye picha za Canon yenye lenzi ya Sigma, usiirudishe kwanza: zima marekebisho ya lenzi kwenye menyu ya kamera, maana kamera huenda inarekebisha lenzi isiyokuwepo.

Mwishowe risiti. Wengi huandikiwa «lenzi moja, Sigma». Mwombe muuzaji aandike jina zima na herufi zake, mdomo wake, namba yake ya mfululizo, modeli ya kamera uliyoijaribia, na siku ulizokubaliwa kuirudisha. Yule kijana wa Sinza hakuwa na karatasi hiyo, na muuzaji alipopigiwa simu alijibu, kwa haki kabisa, kwamba aliulizwa kama lenzi inaingia kwenye Canon, naye akasema inaingia.